Mwalimu Anajibu: Uzamili Kwanza, au Moja kwa Moja Uzamivu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 24, na mwaka jana nilimaliza shahada ya kwanza ya mikrobiolojia kwa daraja la pili la juu. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulihusu bakteria wanaokinza dawa katika maji ya visima. Nataka kuwa mtafiti, hilo sina shaka nalo. Tatizo ni njia. Nimepata nafasi ya uzamili wa mwaka mmoja nchini Uingereza, masomo ya darasani pamoja na mradi wa miezi mitatu, lakini ada ni juu yangu na familia inasema itakopa. Wakati huohuo profesa mmoja wa Marekani niliyemwandikia amejibu kwamba naweza kuomba uzamivu moja kwa moja na chuo kikanilipia. Mjomba wangu, ambaye ndiye msomi wa ukoo, anasema anayeruka ngazi huvunjika mguu. Rafiki zangu wanasema uzamili ni kupoteza muda. Nimsikilize nani?
Mwenye Njia Mbili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msalimie mjomba, kisha umwambie kwa adabu kwamba ngazi anayoisema haina umri mkubwa. Katika vyuo vya Ulaya vya enzi za kati, mwalimu wa Paris aliitwa magister, neno lililozaa "master" ya leo, na mwenzake wa Bologna aliitwa daktari, na hakuna aliyekuwa juu ya mwingine. Uzamivu wa utafiti tunaoujua leo ulikomaa Ujerumani katika karne ya 19. Chuo Kikuu cha Yale ndicho kilichoutoa kwa mara ya kwanza Marekani, mwaka 1861, na Oxford ikangoja hadi 1917. Nchi za Ulaya zilikuja kukubaliana juu ya mfumo mmoja wa shahada kwa Azimio la Bologna la mwaka 1999, na uzamivu ukaingizwa humo kama hatua ya tatu katika mkutano wa Berlin mwaka 2003. Mjomba anaisema kana kwamba imeandikwa kwenye msahafu, kumbe ni ya juzi tu.

Kwa hiyo kila nchi ina mlango wake. Ujerumani na Uholanzi, bila uzamili kwa kawaida hupokelewi, ingawa vyuo kadhaa vya Ujerumani vina njia ya mkato kwa wachache wenye alama za juu kabisa. Sweden hesabu iko wazi: krediti 240, na angalau 60 kati ya hizo ziwe za ngazi ya juu, yaani mwaka mmoja wa masomo ya uzamili. Australia wana mwaka wa ziada wa utafiti juu ya shahada ya kwanza, na anayeufaulu vizuri huingia uzamivu bila kupitia uzamili. Uingereza, daraja lako la pili la juu mara nyingi linatosha kwenye karatasi, lakini ukifika kwenye kugombea ufadhili utakuta wenzako wameshika uzamili mkononi. Marekani ndiko shahada ya kwanza inakotosha kweli, hasa katika sayansi. Mtu akiniuliza "nianze na uzamili?" bila kuniambia anakwenda wapi, hata mimi sina jibu. Wewe umetaja nchi, basi tuingie kazini.

Uzamivu wa Marekani katika fani yako huchukua miaka mitano, mara nyingi sita. Miwili ya mwanzo ina masomo ya darasani, na katika mwaka wa kwanza utazungushwa kwenye maabara mbili tatu, wiki kadhaa kila moja, kabla ya kuchagua msimamizi. Baadaye unakalia mtihani wa kufuzu, ambapo unatetea wazo la utafiti mbele ya maprofesa wanaokuuliza mpaka wafike mahali usipojua. Hapo ndipo wanapotaka kufika, wakuone ukifika. Ukipita, unaachiwa utafiti wako. Hayo yote ya miaka miwili ndiyo uzamili wenyewe, na vyuo vingi hukupa cheti chake ukifika hapo. Mjomba asihofu: ngazi utaipanda, ila imejengwa ndani ya nyumba na utalipwa posho ukiwa unaipanda.

Lakini soma tena barua ya yule profesa. Amesema unaweza kuomba. Hakusema utapokelewa, wala hana uwezo wa kusema hivyo. Katika sayansi za viumbe, vyuo vingi vya Marekani hupokea wanafunzi kwa kamati, na profesa mmoja, awe na jina kubwa namna gani, ni kura moja au ni maoni tu pembeni. Ulaya bara mambo huwa tofauti. Huko profesa mwenye fedha za mradi hutangaza nafasi kama ajira na neno lake huwa zito. Nimeona vijana wakiacha nafasi nyingine zote kwa sababu ya barua pepe ya mistari mitatu yenye maneno mazuri. Jibu la upole si nafasi ya masomo.

Sasa tuangalie uzamili wako wa Uingereza, na hapa nakuomba uchukue kalenda. Masomo huanza mwishoni mwa Septemba. Maombi ya uzamivu Marekani kwa sehemu kubwa hufungwa Desemba. Ukiomba katika msimu huohuo, utakuwa umekaa darasani majuma kumi hivi, hujapata alama hata moja ya maana, mradi hujaugusa, na mhadhiri utakayemwomba akuandikie barua atakuwa anakujua kwa sura tu, kama anakujua. Uzamili huo hautaisaidia faili yako chochote. Ili uvune matunda yake, itabidi uumalize, ungoje Desemba inayofuata, kisha uanze masomo Septemba ya mwaka wa pili tangu ulipouanza. Rafiki zako wanaosema utapoteza mwaka wamekosea hesabu: ni miwili. Na ukifika Marekani, programu nyingi zitakurudisha darasani vilevile, kwa kuwa si kawaida yao kupunguza sana masomo kwa sababu ya uzamili wa kwingine.

Halafu kuna mkopo. Ningekuwa mwepesi zaidi kama ungekuwa unasomea fani ambayo cheti cha uzamili kinabadilisha mshahara siku ya pili yake. Wewe unakwenda kwenye miaka mitano ya posho ya mwanafunzi. Posho hiyo hutosha kodi, chakula na viatu. Kulipa deni la ada haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Atakayelipa ni familia, na utafiti unaofanywa huku kila simu ya nyumbani ikiuliza utamaliza lini, sijauona ukienda vizuri.

Nimekaa kwenye kamati za udahili muda wa kutosha kujua macho ya wasomaji huenda wapi. Mimi huanza na barua za wadhamini. Barua inayosema "alikuwa mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu" naiweka pembeni, maana hiyo humwandikia hata aliyekuwa akilala mstari wa nyuma. Natafuta sentensi moja yenye tukio ndani yake: kwamba sampuli ziliharibika na mwanafunzi akagundua sababu, au kwamba alimbishia msimamizi wake na akawa sahihi. Baada ya hapo nasoma maelezo ya mwombaji mwenyewe. Alama naziangalia mwisho, kuhakikisha tu hakuna shimo. Ndiyo maana sijali sana kama mtu ana uzamili au hana. Ninachojali ni kama yuko mtu mzima mahali fulani aliyemwona akifanya utafiti na yuko tayari kuusimulia. Uzamili wa tasnifu, wa mwaka mzima au miwili ndani ya maabara, humpa mtu shahidi wa namna hiyo. Uzamili wa darasani wenye mradi wa miezi mitatu wakati mwingine hautoi shahidi yeyote. Kwa jina ni shahada moja, lakini mbele ya kamati ni vitu viwili. (Oxford na Cambridge mpaka leo huwapa waliosoma shahada yao ya kwanza ya BA jina la uzamili baada ya miaka kadhaa kupita, bila darasa wala mtihani. Hakuna kamati inayodanganyika nalo, ila kwenye kadi ya mwaliko linapendeza.)

Hebu ujipime. Kaa chini uandike kurasa mbili kuhusu visima vyako. Usiandike kwamba ukinzani wa dawa ni janga la dunia, hilo tunalijua. Andika kitu usichokijua na unachotaka kukijua. Kwa mfano: je, jeni za ukinzani ulizozikuta kwenye maji zimetoka kwa mifugo au zimetoka vyooni? Utazitofautishaje? Utachukua sampuli wapi, msimu gani, na kwa nini msimu huo? Ni matokeo gani yakitokea yatakufanya useme, "Nilidhani vibaya"? Ukurasa wa pili ukijaa wenyewe, uko tayari kuomba uzamivu, Marekani au kwingine. Ukijikuta unarudia sentensi ya kwanza kwa maneno mengine, usikate tamaa, maana una miaka 24 tu. Ila hapo unahitaji mahali pa kujifunzia kuuliza. Programu ya Marekani yenye kuzungusha wanafunzi inaweza kuwa mahali hapo, na uzamili wa utafiti pia. Uzamivu wa miaka mitatu wa Uingereza hauwezi: huko unatakiwa ufike na swali, na ukishafika saa inahesabu.

Kuna watu ambao ningewaambia waanze na uzamili bila kusita. Anayehama fani, tuseme kutoka mikrobiolojia kwenda takwimu. Ambaye alama zake za shahada ya kwanza zilianguka na anahitaji kuonyesha kwamba yule hakuwa yeye. Anayelenga nchi ambayo mlango wake ni uzamili. Na yule asiyejua kama utafiti anaupenda au anapenda kuitwa daktari. Kwake uzamili ni njia nafuu ya kupata jibu, kwa sababu kuligundua katika mwaka wa nne wa uzamivu huumiza zaidi. Wewe sikuoni kwenye kundi lolote kati ya hayo.

Ushauri wangu, basi. Usikope. Kiandikie chuo cha Uingereza uulize kama nafasi yako inaweza kuahirishwa kwa mwaka mmoja. Vingi hukubali, na kuuliza hakugharimu kitu. Desemba hii omba uzamivu wa Marekani, vyuo kadhaa, si kile cha profesa wako peke yake. Ada ya maombi ikikulemea, andika uombe msamaha wa ada, maana programu nyingi huutoa lakini haziutangazi kwa sauti. Programu nyingi za baiolojia zimeacha kudai GRE, ule mtihani wa kuombea uzamili na uzamivu Marekani, kwa hiyo soma masharti kabla ya kuulipia.

Katika msimu huohuo omba pia uzamili wenye ufadhili kamili. Erasmus Mundus, mpango wa uzamili wa Umoja wa Ulaya, ni mfano mzuri: unasomea angalau nchi mbili, udhamini unaweza kufika miezi 24, na programu nyingi humaliziwa kwa tasnifu. Chevening, ufadhili wa uzamili wa serikali ya Uingereza, wengi huukimbilia, lakini wewe haukufai kwa sasa. Unataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, ambazo ni karibu miaka miwili ya ajira, na ukimaliza unatakiwa urudi kwenu ukae angalau miaka miwili. Kwa mtu anayetaka kuunganisha na uzamivu, sharti hilo la pili ni ukuta, na wengi huliona wakiwa wamekwisha kusaini.

Wakati unangoja majibu, tafuta nafasi kwenye maabara yoyote inayofanya utafiti, hata ya kuosha vyombo na kuandaa maji ya kuoteshea bakteria. Humo ndimo utampata yule shahidi. Ofa za Marekani zenye ufadhili zikija, vyuo vingi vimekubaliana kukuachia hadi tarehe 15 Aprili kuamua, kwa hiyo asikusukume mtu ujibu Februari. Ukipata uzamivu wenye ufadhili, nenda. Ukipata uzamili wenye ufadhili tu, nenda pia. Usipopata chochote, utakuwa umebakiwa na mwaka wa maabara na faili nono zaidi, na hakuna anayemdai baba yako.

SWALI: Mwalimu, nina miaka 41, ni mwajiriwa, na nina uzamili wa utawala wa biashara nilioupata kwa masomo ya jioni, bila tasnifu. Nimeomba uzamivu nikakataliwa kwa maelezo kwamba sina "ushahidi wa uwezo wa kufanya utafiti". Je, nirudi nyuma nikafanye uzamili mwingine?
Mwajiriwa wa Jioni

JIBU: Hapana, ndugu yangu, si uzamili mzima. Waliokukataa wamekwambia wazi kinachokosekana, na hilo ni bahati, maana barua nyingi za kukataa hazisemi kitu. Kinachokosekana ni andiko moja la utafiti lenye jina lako. Shahada unazo za kutosha.

Angalia kwanza vyuo vinavyofuata mtindo wa Uingereza. Huko ni kawaida mtu kusajiliwa kwanza kwa uzamili wa utafiti, ule wa MPhil, kisha baada ya mwaka hivi akatathminiwa na kupandishwa kuwa mwanafunzi wa uzamivu. Uliza kama wanapokea wa muda usio kamili. Kwa mwajiriwa huchukua miaka sita au saba, na mwajiri wako anapaswa kulijua hilo mapema kuliko mwenzi wako, ingawa wote wawili watalijua. Njia nyingine ni uzamivu wa kitaaluma wa utawala wa biashara, ujulikanao kama DBA. Huanza na masomo ya mbinu za utafiti ndipo tasnifu ifuate, na umetengenezwa kwa watu wa aina yako: mwenye shahada kama yako, miaka kazini, na tatizo la ofisini analotaka kulichunguza kisomi. Ila kama nia yako ni kuhamia kufundisha chuo kikuu, waulize kwanza vyuo unavyovilenga wanauchukuliaje, kwa sababu havifanani.

Na wakati huo andika. Una miaka mingi ya kuona mambo ambayo wahadhiri wengi huyasoma vitabuni tu. Mtafute mmoja wao mwenye mbinu lakini asiye na takwimu, mshirikiane, mtoe makala moja kwenye jarida linalopitiwa na wataalamu. Angalizo moja: utaanza kupokea barua pepe kutoka majarida yanayokuita "profesa mtukufu" na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu ukilipa. Yafute. Makala ya humo kwenye faili yako ni mbaya kuliko ukurasa mtupu, maana inaonyesha kwamba hujui kutofautisha.

SWALI: Niko mwaka wa pili wa uzamivu nchini Marekani, niliingia moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Masomo nimefaulu, ila maabara siipendi tena na nimepata kazi nzuri kwenye kampuni. Naweza kuondoka na uzamili? Naogopa nyumbani wataniona nimeshindwa.
Nimechoka Maabara

JIBU: Unaweza, na wanaofanya hivyo ni wengi kuliko wanaosema. Tena kwa mpango wenu umesomeshwa uzamili bila kulipa ada, wakati mwenzako wa juu kabisa katika safu hii familia yake ilikuwa tayari kuukopea. Nyumbani waambie umemaliza uzamili na umepata kazi. Yote mawili ni kweli, na sioni neno la kushindwa humo.

Jiulize swali moja tu kabla hujaamua: umechoka utafiti, au umechoka msimamizi? Kama ni msimamizi, mwaka wa pili bado si kuchelewa kuhama maabara, na mkuu wa programu ya wahitimu ndiye wa kumwendea, faragha. Kama ni utafiti wenyewe, chukua kazi.

Lakini fuata utaratibu. Usiandike barua ya kujiondoa kwanza ndipo uulize habari ya cheti. Nenda kwa mratibu wa programu uulize krediti ngapi zinatakiwa, kama kuna mtihani au andiko la kukamilisha, na mwisho wa kujaza fomu ya kuhitimu ni lini, maana fomu hiyo huwa na tarehe yake kila muhula. Viza yako nayo inategemea usajili wako, kwa hiyo ofisi ya wanafunzi wa kigeni uione kabla hujaiambia kampuni siku utakayoanza. Ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu huombwa kwa shahada uliyoipata, na maombi yake huchukua muda. Barua ya kujiondoa iwe ya mwisho kabisa.